Babu Taa na Jaribio Lisiloguswa

Zamani kitu kikiharibika, mtu alisimama mbele ya wenzake akasema "mimi ndiye," lakini siku hizi kitu hujiharibikia chenyewe, hujitangaza chenyewe, na wote waliokuwapo wanakuwa hawakuwapo.

Jambo hilo lilimkaa Babu Taa kooni kama mwiba wa samaki. Jumanne asubuhi alifungua chumba kilichokuwa nyuma ya duka la kushonea la shemeji yake, akaikuta taa nyekundu bado inawaka vilevile alivyoiacha jana yake, na kwenye viti vyote hapakuwa na mtu wa kuulizwa. Alikivuta kiti chake, akakaa, akaitazama taa. Taa nayo ikamtazama.

Watu wa mtaani walisema Babu Taa ni fundi redio mstaafu. Si kweli. Redio ndizo zilizostaafu; yeye alibaki na bisibisi mkononi. Zamani redio ikinyamaza, mwenyewe aliibeba kwapani kama kuku mgonjwa, akaileta kwa fundi, akakaa akisubiri na kueleza ilianzaje kuumwa. Leo kitu kikinyamaza kinatupwa, kinanunuliwa kingine ambacho nacho kitanyamaza. Basi fundi akakaa na bisibisi yake mpaka akachoka, akaamua kujifunza kompyuta. Hakwenda chuo. Vitabu alivinunua kwa muuza karanga aliyekuwa akivichana ili kufungia karanga zake, na kwa sababu kurasa za mwanzo zilikuwa zimekwisha kwenda na wateja, elimu ya Babu Taa ilianzia katikati. Mpaka leo hajui kompyuta inawashwaje kwa mujibu wa kitabu. Yeye huiwasha kwa mujibu wa kofi.

Ndiye aliyeanzisha Foleni. Foleni ilikuwa programu ya kuita watu kwa namba mahali penye msongamano: kinyozi, zahanati, duka la dawa. Unapewa namba, unakaa, spika inakuita. Ilikuwa programu huria, maana yake haina mwenyewe na kila mtu ni mwenyewe: yeyote aliruhusiwa kuichukua bure, kuifungua tumbo, kuisoma na kuiongezea kipande. Penye wengi hapaharibiki neno, walisema wahenga. Wahenga hawakuwahi kuandika programu.

Kila mtu alipoleta kipande chake, kompyuta kuukuu iliyokaa kwenye kona ilivikusanya vipande vyote, ikavishona pamoja, halafu ikaijaribu programu nzima kama mteja mkorofi anavyojaribu suruali mpya: inachuchumaa, inainama, inarusha mguu. Shughuli hiyo, iliyorudiwa kila alfajiri hata pasipo kipande kipya, waliiita ujenzi. Mshono ukishika, taa ya kijani. Mshono ukiachia, nyekundu. Taa zenyewe Babu Taa aliziunda kwa mikono yake: nyekundu ilitoka mgongoni mwa pikipiki iliyokufa, na ya kijani ilikuwa balbu ya kawaida ndani ya kitako cha chupa. Ndiyo asili ya jina lake.

Na taa ilikuwa na mila. Aliyevunja ujenzi alikuja chumbani, akasimama mbele ya taa nyekundu, akavua kofia kama anayo, akasema kwa sauti: "Mimi ndiye." Halafu akapika chai ya watu wote katika birika lenye mbonyeo, na chai ikinywewa, wote wanakaa kutafuta kosa. Hapakuwa na matusi wala maswali. Mvunja nchi ni mwananchi, alikuwa akisema Babu Taa. Mgeni angeanzaje kuivunja wakati hajui hata mlango uko wapi? Miaka hiyo chai ilinyweka sana.

Yeye mwenyewe hakuwahi kuipika hata siku moja. Hilo alilitaja mara kwa mara bila kuulizwa.

Kisha akaja mpwa wake na maendeleo.

Mpwa alikuwa mtoto wa dada yake, mtu mzima mwenye mke na kitambi, akiuza simu mjini. Alikuwa mwepesi wa vidole na mwepesi zaidi wa kuchoka na mambo ya wazee. "Mjomba," alisema, "dunia imekwenda. Mtu aache kazi yake apande basi aje kusema mimi ndiye mbele ya taa ya pikipiki?" Akaweka ndani ya kompyuta roboti, ujenzi ukivunjika inaandika kwenye kundi la simu zao wote: UJENZI UMESHINDIKANA. WA MWISHO KUGUSA NI FULANI. Mpwa aliipa jina la Msaidizi. Babu Taa aliisoma mara moja tu, akaipa jina lake halisi: Mbea.

Na umbea, kama ujuavyo, haujali ukweli. Mbea hakujua nani kavunja. Alijua tu nani kagusa mwisho. Ukileta kipande chako kizuri kama dhahabu baada ya mwenzako kuharibu, jina lako ndilo linalotangazwa. Haikuchukua muda, watu wakajifunza kujikinga: usiwe wa mwisho.

Ndipo Jumatatu ile taa ikawa nyekundu, na hapakuwa na mtu aliyegusa kitu. Mbea akamtaja Binti Miwani, kwa sababu ndiye aliyeleta kipande wiki iliyopita, kipande kilichowasha kijani mbele ya macho ya watu.

Binti Miwani alikuwa mwalimu wa hesabu, msichana mwenye miwani mikubwa kuliko uso, mpole mpaka alipoguswa kwenye hesabu. Aliingia Jumanne hiyo jioni baada ya vipindi, chaki bado iko kwenye mkono wa blauzi.

"Babu, si mimi."

"Sijasema ni wewe."

"Mbea kasema. Mpaka wanafunzi wangu wamejua. Wananiita Mwalimu Nyekundu."

"Soma kosa lenyewe linasemaje."

Alisoma kwenye kioo cha kompyuta. "Linasema jaribio la saba limeshindwa. Mteja wa tatu ameitwa wa kwanza."

"Karuka foleni!" alipaza sauti Babu Taa. "Ndani ya Foleni yenyewe! Hata humo?"

Kwenye benchi karibu na mlango alikaa Kinyozi, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Kinyozi alikuwa rafiki wa Babu Taa tangu enzi za redio. Hakujua kuandika programu hata nukta, ila sauti iliyoita namba katika Foleni ilikuwa yake, nzito, tamu, ya mtu aliyekula vizuri. Na kila jioni alikuja kusikiliza wanaisifu wapi. Ukweli mwingine aliokuja nao kila jioni ni kwamba njia ya kuingia chumbani ilipita dukani kwa Shemeji.

"Labda," alisema Kinyozi, akikohoa, "hilo jaribio la saba lifutwe tu."

"Hata mimi ningeshauri hivyo," aliandika Mpwa kwenye kundi, Binti Miwani alipompelekea wazo hilo. "Mjomba, futa. Majaribio yako mengine manane yanapita."

Babu Taa aliinuka. "Lifutwe? Ukiwa na homa unavunja kipimajoto? Jaribio haliguswi! Haliguswi, halifunguliwi, halichunguliwi. Jaribio ni mzani. Ukikuta mchele umepungua, unaulaumu mzani?"

"Muuza mchele ndiye anayechezea mzani, Babu," alisema Binti Miwani.

"Hapa hakuna muuza mchele. Majaribio niliyaandika mimi."

Basi hawakuyafungua. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na sheria ya Babu Taa ilikuwa na umri mkubwa kuliko uanachama wa mtu yeyote mle ndani.

Pazia la mlango likafunguka, akaingia Shemeji na futi yake ya kupimia shingoni. Shemeji alikuwa mjane wa kaka yake Babu Taa, mwenye duka, mwenye nyumba, mwenye chumba. Alishona sare za shule, na msimu wa kufungua shule wazazi walimjia kwa mafuriko: huyu kafika alfajiri, huyu kasema alimtuma mtoto ashike nafasi, huyu amebandika kiatu mlangoni kuwa ndicho kilichopanga mstari.

"Shemeji," alisema, akimgeukia Babu Taa.

"Naam, Shemeji."

"Mwaka wa ngapi huu nakuona humu na hiyo taa? Ukiniambia programu, naona taa. Ukiniambia watu wengi wa mbali wanasaidia, naona birika."

"Kazi ya huria, Shemeji, haina haraka."

"Mvua ina haraka. Nimepata vyerehani viwili vya ziada, nimeviweka barazani, vinanyeshewa. Sasa sikiliza. Jumamosi ndiyo siku ya sare. Ikifika Ijumaa jioni taa ya kijani inawaka, nitawapa hiyo Foleni yenu wazazi wangu tuione. Isipowaka, Jumamosi asubuhi vyerehani vinaingia humu na ninyi mnatoka."

"Tutoke twende wapi?"

"Huko kwenye kundi lenu la simu. Si ndiko mnakoishi?"

Akatoka. Kinyozi alimsindikiza kwa macho mpaka pazia lilipotulia.

Babu Taa alibaki amesimama. Nyumbani kwake palikuwa na kitanda, jiko, na ukuta wenye alama za redio zilizowahi kukaa hapo. Watu aliokuwa nao duniani walikuwa wale wanaoingia chumba hiki. Taa ikibaki nyekundu, angeamka Jumapili aseme na ukuta.

Jumatano walianza kazi ya kutafuta, na hapo ndipo yalipoonekana maajabu ya zama hizi. Binti Miwani alidhani kosa liko kwenye kupanga namba, akaandika kipande cha kulirekebisha, ila hakukileta. Mpwa naye alidhani liko kwenye saa, akaandika chake, naye hakukileta. Wa Mbali, mwenzao ambaye hawakuwahi kumwona, aliyewaandikia akiwa nchi wasiyoijua na aliyeandika kwa adabu kama barua ya posa, alikuwa na chake pia. Vipande vitatu vilikuwa tayari, na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kugusa.

"Tangulia wewe, mwalimu," aliandika Mpwa.

"La, kaka, wewe ni mkubwa kwangu. Tangulia."

"Utu uzima dawa, lakini mgeni njoo mwenyeji apone. Wa Mbali atangulie."

"Nawashukuru kwa heshima hii nisiyostahili," aliandika Wa Mbali. "Nitafurahi kufuata nyuma yenu."

Siku nzima ikapita hivyo. Watunzi wa programu ya kupanga foleni walikuwa wamepanga foleni isiyo na wa kwanza. Babu Taa aliusoma ule mlolongo kwenye simu, akaona hasira inampanda mpaka kwenye utosi. Alhamisi mchana, wote walipokuwa kazini, aliichomoa roboti. Hakuizima kwa ustaarabu wa vidole. Alikijua kidude kilichoipeleka kwenye mtandao, akakichomoa, akakitia mfukoni. Kisha akaandika kwenye kundi kwa kidole kimoja:

"Mbea kafa. Kesho jioni kila mtu aje mbele ya taa kama zamani. Birika nimeliosha."

Ijumaa walikuja. Mpwa alikuja akinung'unika, amefunga duka lake mapema. Binti Miwani alikuja na madaftari ya kusahihisha. Kinyozi alikuwa pale tangu adhuhuri, kofia haitoki kichwani. Wa Mbali alikuwa ndani ya simu iliyoegemezwa kwenye glasi, maandishi yake yakitokea kwenye kioo. Shemeji alisimama mlangoni mikono kiunoni, na nyuma yake vyerehani viwili vimeshafunguliwa miguu tayari kuhamishwa.

Vipande vyote vitatu viliingizwa. Kompyuta ikaunguruma, ikashona, ikajaribu. Taa ikabaki nyekundu.

"Basi tuanze," alisema Babu Taa. "Nani ndiye?"

Mtu angesikia sindano ikianguka, na kweli sindano moja ilianguka kule dukani.

Mpwa alijikuna shingo, akasimama mbele ya taa. "Haya. Mimi ndiye. Mwezi uliopita nilibadilisha rangi ya kitufe bila kumwuliza mtu."

"Kitufe gani?"

"Cha kijani. Nilikifanya cha kijani zaidi."

Walitazama taa. Nyekundu.

Binti Miwani akavua miwani, kwa kuwa kofia hakuwa nayo. "Mimi ndiye. Kuna mistari niliipokea kwa Wa Mbali nikasema nimeisoma na nimeielewa. Niliisoma tu."

Nyekundu.

"Mimi ndiye," aliandika Wa Mbali. "Mistari hiyo hata mimi sikuielewa. Niliikuta inafanya kazi."

"Mungu wangu," alisema Mpwa.

Nyekundu.

"Na mimi niseme langu?" aliuliza Shemeji kutoka mlangoni.

"Wewe, Shemeji? Umegusa nini wewe?"

"Huo waya wa kompyuta nauchomoaga nachomeka pasi. Pasi ya dukani soketi yake imeungua."

Babu Taa alishika meza. "Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi hii?"

"Kila Alhamisi. Kwani sare zinajipiga pasi zenyewe?"

Babu Taa alikumbuka Alhamisi zote alizoamka kuilaani kampuni ya umeme. Lakini taa ilikuwa nyekundu tangu Jumatatu, na Jumatatu hakukuwa na pasi. Bado nyekundu.

"Mjomba, umebaki wewe," alisema Mpwa.

"Mimi sijawahi kuvunja kitu," alisema Babu Taa, na sauti yake ilikuwa na ile heshima ya birika ambalo hajawahi kulipikia chai.

Shemeji akapumua. "Mmekiri mpaka dhambi nisizozijua, na taa haijawasikia. Ahadi ni ahadi, Shemeji. Nisaidieni kuinua hivi vyerehani."

Babu Taa alianza kukunja waya wa taa taratibu, kama mtu anayekunja mkeka wa mgeni aliyekwisha ondoka. Kinyozi alimtazama akikunja. Alimtazama mpaka duara la tatu la waya, kisha akainuka kwenye benchi kama aliyechomwa.

"Acha," alisema. "Mimi ndiye."

"Kaa chini, ndugu yangu. Wewe hujaandika hata nukta."

"Sikuandika."

"Ulifanya nini basi?"

Kinyozi alivua kofia. Nywele zake, zilizojulikana mtaani kote kwa weusi wa lami, zilikuwa zimeota mvi shinani. Wiki ile alishindwa hata kujipaka rangi.

"Nimezeeka," alisema.

Mpwa alianza kucheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

"Jumatatu nimetimiza sitini," aliendelea Kinyozi, akiiambia taa, hathubutu kugeukia mlango. "Fundi, unakumbuka ulivyokuwa ukiandika hilo jaribio lako? Nilikuwa nakunyoa. Ukaniuliza, 'Wewe ulizaliwa lini?' Nikakuambia. Ukaandika."

Babu Taa alisimama na waya mkononi. Alikumbuka. Ndani ya Foleni alikuwa ametia sheria aliyoipenda kuliko zote: aliyefikisha miaka sitini hapangi mstari, anaitwa mbele. Wazee kwanza. Na jaribio la saba lilikuwa la kuhakikisha kwamba asiye mzee hapenyezwi. Aliwatia wateja watatu: binti wa jirani, mshona viatu, na wa tatu mtu mzima tu, anayekuja mwisho na anayepaswa kuitwa mwisho. Siku hizi watu hubuni wateja wa uongo na tarehe za uongo. Zamani hawakuwa na watu wa uongo. Walikuwa na majirani. Akaandika tarehe ya kweli ya Kinyozi, wakati huo mwanamume wa makamo mwenye kifua, asiyeonekana kuwa na mpango wowote wa kuzeeka.

Alirudi kwenye kompyuta, akaipiga kofi, akalifungua jaribio lisilofunguliwa. Tarehe ilikuwa pale. Jumatatu, mteja wa tatu alitimiza sitini, akawa mzee, na programu kwa utii na adabu ikamwita mbele. Mashine haikukosea. Jaribio ndilo lililobaki likimdai Kinyozi ujana.

"Kwa hiyo mzani ndio mbovu," alisema Binti Miwani, si kwa kumsimanga.

"Mzani ni wangu," alisema Babu Taa. Akasimama mbele ya taa aliyoiunda mwenyewe, akavua balaghashia. Neno lilimtoka kwa shida kama jino. "Mimi ndiye."

"Birika liko pale, Mjomba," alisema Mpwa kwa furaha ambayo hakujaribu kuificha.

Binti Miwani alikaa kwenye kiti. Dawa ilikuwa ndogo: aliiambia programu kwamba kila inapofanya jaribio la saba, ijifanye kuwa leo ni siku ileile lilipoandikwa, isisogee tena. Kompyuta ikaunguruma, ikashona, ikainama, ikachuchumaa. Kitako cha chupa kikawaka kijani.

"Yaani humo ndani," aliuliza Kinyozi, akiinamia kioo, "mimi sizeeki tena?"

"Kamwe."

"Hamwezi kunihamishia humo?"

Ndipo Shemeji alipoingia chumbani. Kinyozi alirudisha kofia haraka, lakini mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuwa kimekwisha lia mbele ya wote.

"Hamsini na mbili," alisema Shemeji. "Mwaka juzi hamsini na mbili. Mwaka jana hamsini na mbili. Mwaka huu nikasema, huyu mtu hamsini na mbili ameinunua au ameipanga?"

"Ulisema hutaki tena mume mzee, mama. Ulisema ulimzika mmoja, imetosha."

"Nilisema. Na mashati yako nani anayashona? Kola zinakuja kubadilishwa zote nyeusi utadhani umelala kwenye masizi. Nilikuwa najua toka kola ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

"Kubadilisha kola ni kazi, na mimi nina duka." Akageuka aende, akageuka tena. "Ukiacha hiyo rangi, njoo nikupime shati jeupe."

Walikunywa chai ya Babu Taa. Ilikuwa chungu, nyepesi na yenye masalia ya sabuni, lakini hakuna aliyethubutu kusema, isipokuwa Wa Mbali, ambaye alishukuru kuwa mbali.

Jumamosi wazazi walikuja kama walivyozoea kuja, kwa viwiko. Kila mmoja alipewa namba, akaonyeshwa benchi, akaambiwa akae. Walikaa kwa kutoamini. Sauti nzito tamu ya Kinyozi ikaanza kuwaita kwenye spika mmoja mmoja, na mtu aliyeleta kiatu chake kishike nafasi alilazimika kukivaa tena. Kinyozi mwenyewe alikuja kupimwa shati, kichwa kimenyolewa chote kama yai, akachukua namba kwa tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa na kusimama nyuma kabisa ya umati. Hakukaa hata dakika. Spika ikakwaruza, na sauti yake mwenyewe ikamwita mbele ya mtaa mzima:

"Wazee kwanza. Mzee wetu, karibu dirishani."

"Nakuja," alijibu Kinyozi, akiijibu sauti yake, na watu wakampisha huku wakicheka.

Siku ile haikuvunjika hata kauli, seuze pua. Habari zikaenda. Wazazi waliokuwa wakishonesha kwa mafundi wengine wakahamia kwa Shemeji kwa sababu kwake mtu anakaa. Kazi ikawa nyingi, vyerehani vikaongezeka, wasichana wa kushona wakaajiriwa, na msimu haujaisha Shemeji akafunua pazia.

"Shemeji."

"Naam, Shemeji."

"Chumba."

Babu Taa alionyesha taa. "Lakini inawaka kijani! Haijawahi kuzimika tangu siku ile! Ulisema ikifanya kazi tunabaki."

"Imefanya kazi mno. Nitawaweka wapi hawa watu mlioniletea?"

Mpwa alisema si neno, wataonana kwenye kundi. Kila mtu atajengea nyumbani kwake, tena kuna mashine za kukodi huko mtandaoni, hazihitaji kofi. Binti Miwani alisema atapita kumwamkia. Walisema kama watu wanavyosema.

Mara ya mwisho aliyowaona wote pamoja ilikuwa siku ya kuhamisha meza. Waliibeba wanne, Mpwa, Binti Miwani, Kinyozi na Shemeji mwenyewe, naye Babu Taa akafuata na taa kwapani, waya ukiburuta, kama zamani watu walivyobeba redio. Meza ikakwama mlangoni.

"Tangulia, kaka."

"La, mwalimu, wewe."

"Wazee kwanza," alisema Kinyozi kwa sauti ile ya spika, akavuta kwa nguvu. Mguu wa meza ukalia kaa! ukakatika.

"Nani kavunja?" aliuliza Babu Taa kutoka ndani.

Wakajibu wote wanne kwa pamoja, wamebanwa mlangoni, wanacheka mpaka meza inatetemeka:

"Mimi ndiye!"

Chai haikupikwa. Birika lilikuwa limekwisha fungwa kwenye boksi.